Rozari, Masifu, Lectio Divina au tafakari ya Inyasi: ipi itadumu katika ratiba ya Nairobi?

Simama nje ya Basilika ya Familia Takatifu watu wakitoka Misa ya mchana, uwaulize watatu usali vipi. Mwanalegio, yaani mwanachama wa kikundi cha Legio ya Maria, atakuambia Rozari. Mtawa atakuambia Masifu. Kijana aliyerudi juzi kutoka mafungo kule Karen atakuambia ukae kimya na Injili nusu saa. Wote wana hoja, ila hakuna atakayekuuliza unaamka saa ngapi na unapandia matatu wapi.

Sisi tunaanzia hapo. Sala tunazoziweka sambamba ni nne: Rozari, Liturujia ya Vipindi, ambayo wengi huiita Masifu au Sala ya Kanisa, yaani zaburi na masomo yanayosaliwa kwa saa maalumu za siku, Lectio Divina, yaani kusoma Maandiko kwa kusali, na tafakari ya Injili kwa njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Zote zimelea watakatifu. Zinatofautiana katika mzigo zinaoubebesha mdomo, akili na saa yako.

Umakini wako hukatikia wapi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa zama za kati, katika kitabu chake kiitwacho Summa, swali la 83 la sehemu ya pili ya pili, anataja aina tatu za umakini katika sala ya mdomo. Kuna umakini kwa maneno, ili usiyakosee. Kuna umakini kwa maana ya maneno. Na kuna umakini kwa Mungu mwenyewe unayemsemesha na kwa jambo unalomwomba. Huu wa tatu, anasema, ndio wa lazima kuliko yote, na hata asiyejua kusoma anauweza. Kisha anaongeza jambo ambalo lingewapunguzia wengi mzigo kama lingehubiriwa mara nyingi zaidi: mawazo yakitangatanga bila wewe kutaka, sala haipotezi mastahili yake, kwa kuwa nia uliyoanza nayo bado inaibeba. Unachokosa ni burudiko la roho tu. Dhambi ni kutangatanga kwa makusudi.

Sasa jipime. Kuna anayefika Salamu Maria ya hamsini bila kujua alikuwa kwenye tendo la ngapi, yaani lile tukio la Yesu au Maria linalotafakariwa katika kila kumi la Rozari; maneno yapo, maana ilishuka steji ya nyuma. Kuna anayekaa kimya atafakari, na kufikia dakika ya nne anapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Huyo anahitaji maneno ya kushikilia. Kuna anayesoma sura nzima ya Injili, akaielewa vizuri, akafunga kitabu bila kumwambia Mungu lolote. Huyo amesoma, hajasali. Hawa watatu hawawezi kupewa dawa moja.

Ili tofauti zionekane, tutachukua kipande kimoja cha Injili, Luka 1:39-56, Maria anapokwenda kumtembelea Elizabeti, tukipitishe katika njia zote nne.

Rozari

Rozari ya makumi matano ina Kanuni ya Imani, Baba Yetu, Salamu Maria 3 na Atukuzwe mwanzoni. Halafu kwa kila tendo Baba Yetu 1, Salamu Maria 10 na Atukuzwe. Jumla ya Salamu Maria ni 53. Kumi moja kwa mwendo wa mtu anayepumua huchukua kama dakika tatu, kwa hiyo Rozari nzima pamoja na Salamu Malkia ni dakika 18 hadi 20. Ukimaliza kwa dakika 10, ulikuwa unakimbia. Matendo ya Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, ya Utukufu Jumatano na Jumapili, na ya Mwanga, yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, ni Alhamisi.

Uzuri wake mkubwa kwa mkazi wa Nairobi ni kwamba haihitaji kitu. Haihitaji taa, kiti, kitabu wala kimya. Katika matatu ya Githurai alfajiri, muziki ukitikisa madirisha na konda akining'inia mlangoni, hakuna sala nyingine kati ya hizi nne inayopita salama. Rozari yenyewe ikibaki nyumbani, una vidole kumi. Na ukiisali kanisani, nyumbani na familia au kwenye jumuiya, makumi matano mfululizo huku ukitafakari matendo, unaweza kupata rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutoshikamana na dhambi yoyote, hata ile ndogo.

Huharibika wapi? Kwenye jumuiya, ni pale wanaoitikia "Maria Mtakatifu" wanapoanza kabla kiongozi hajafika "amebarikiwa". Mwendo hupanda kila kumi, na la tano husikika kama mnada. Dawa yake ni kiongozi kunyamaza kabisa mpaka wenzake wamalize "Amina", ndipo aanze tena. Baada ya kumi moja wote hushuka. Kosa lingine ni viongezo: sala ya Fatima, sala ya Malaika Mikaeli, litania mbili, nia saba, na dakika 20 zinageuka 50. Watoto wanalala, na wiki ijayo baba ana "kikao".

Kosa kubwa zaidi ni kulitaja tendo na kuliacha hapo hapo. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila kutafakari ni mwili bila roho. Basi siku ya Jumatatu, kwenye tendo la pili, Maria kumtembelea Elizabeti, taja tendo, soma aya moja ya Luka, nyamaza kwa muda wa pumzi tatu, ndipo Baba Yetu. Ukiona bado akili inatoroka, tumia kishikizo kilicho desturi katika baadhi ya nchi na ambacho Yohane Paulo II alikisifu, hasa kwa Rozari ya pamoja: baada ya jina la Yesu unaongeza maneno machache ya tendo. Hivi: "…na Yesu mzao wa tumbo lako, uliyempeleka kwa Elizabeti, amebarikiwa." Mara kumi. Ni vigumu kusahau uko wapi.

Masifu

Mapadre na watawa wanafungwa na sala hii kwa ahadi zao, mlei hafungwi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliwahimiza walei nao waisali, na sababu inafaa kujulikana. Rozari ni ibada. Masifu ni liturujia. Ukisali Masifu ya asubuhi peke yako kwenye chumba kimoja Kayole, ni sala ya hadhara ya Kanisa zima inayopitia mdomoni mwako.

Masifu ya asubuhi huenda hivi: utangulizi, utenzi, zaburi, wimbo wa Agano la Kale, zaburi ya sifa, somo fupi na kiitikizano, Wimbo wa Zakaria, maombi, Baba Yetu, sala ya mwisho. Ukiwa peke yako ni dakika 12 hadi 15. Ya jioni hufuata mpangilio wa karibu sawa, ila Wimbo wa Maria unachukua nafasi ya ule wa Zakaria. Sala kabla ya kulala ni dakika 7 au 8.

Kwa hiyo kipande chetu cha Luka hakingoji Jumatatu. Kila jioni, mwaka mzima, Kanisa linasimama na kusema maneno aliyoyasema Maria mlangoni kwa Elizabeti: "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana." Na kila asubuhi linasema maneno ya mume wa Elizabeti alipofunguliwa ulimi. Nyumba ile moja ya milimani ndiyo iliyolipa Kanisa wimbo wa asubuhi na wa jioni. Hutatafakari sana juu ya barabara wala mlango. Utarudia maneno mpaka siku moja, umekaa kwenye benki ukisubiri namba yako, "wenye njaa amewashibisha mema" yajitokeze yenyewe.

Kinachowashinda wanaoanza ni utepe wa kuwekea alama kurasa za kitabu. Zaburi zimegawanywa katika majuma manne, na mtu akishindwa kujua yuko juma gani anafunga kitabu. Hesabu yake ni nyepesi. Katika kipindi cha kawaida cha mwaka, chukua namba ya juma na uigawe kwa 4. Kinachobaki ndicho juma lako la zaburi. Juma la 23: 4 mara 5 ni 20, inabaki 3, basi uko juma la tatu. Kisipobaki kitu, ni juma la nne. Dominika ya kwanza ya Majilio na ya kwanza ya Kwaresima huanza upya na juma la kwanza. Weka utepe mmoja kwenye juma, mwingine kwenye sehemu za majira, na wa tatu kwenye watakatifu. Huu wa tatu usiuguse mwezi wa kwanza. Ukitumia programu ya simu, fungua ukurasa wa siku kisha uzime data, la sivyo zaburi ya pili itakatizwa na ujumbe wa chama.

Tatizo la pili ni namba. Vitabu vingine hufuata hesabu ya Kiebrania na vingine ya Kilatini, na kwa sehemu kubwa zinapishana kwa moja: Zaburi ya 51, ile ya toba ya Daudi inayosaliwa kila Ijumaa asubuhi, kwingine ni ya 50. Usidhani kitabu kimekosea.

Tatizo la tatu ni la moyo. Umeamka na furaha, zaburi inalia. Umetoka kuzika, zaburi inapiga vigelegele. Ijumaa usiku kuna Zaburi ya 88, yenye giza hata mstari wa mwisho. Hii si kasoro. Unasali kwa niaba ya Kanisa, na siku hiyo yupo mahali fulani mtu anayelia hivyo, pengine ploti ya pili. Anayetaka sala ifuate hisia zake atachoka na Masifu mapema. Aliyechoka na hisia zake atapumzika humo.

Ushauri wetu kwa anayeanza: usianze na asubuhi. Anza na sala kabla ya kulala, tena ile ya Dominika yenye Zaburi ya 91, kwa kuwa kanuni zinaruhusu kuitumia siku yoyote. Chunguza dhamiri kwa ufupi, sali zaburi, somo fupi, "Mikononi mwako, ee Bwana, naiweka roho yangu", Wimbo wa Simeoni, sala, na wimbo wa Bikira Maria. Kwa wiki mbili tatu utakuwa umeikariri, na stima ikipotea hutajali.

Lectio Divina

Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutazama kwa kimya. Mfano wake ni wa kula: kusoma kunatia tonge mdomoni, kutafakari kunalitafuna, kusali kunapata ladha yake, na kutazama ndio utamu wenyewe. Ukikumbuka tonge hutakosea vipimo. Aya nane hadi kumi na tano zinatosha. Sura nzima ni sahani tatu kwa mpigo.

Kwa dakika 25, gawa hivi. Dakika 5 za kusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, hata ya kunong'ona. Dakika 8 za kutafuna neno moja lililokushika. Dakika 7 za kumjibu Mungu kwa maneno yako. Dakika 5 za kukaa tu. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2010 kwamba Lectio haijakamilika mpaka ifike kwenye tendo, kwa hiyo ondoka na kitu kimoja cha kufanya kabla ya jua kuzama.

Tujaribu na Luka 1:39. Maria anakwenda milimani "kwa haraka". Tuseme neno hilo ndilo limekushika. Kwa nini haraka? Rudi nyuma aya tatu: Gabrieli hakumwamuru aende popote. Alimtajia tu kwamba Elizabeti, katika uzee wake, yuko mwezi wa sita wa ujauzito. Habari ile ilitolewa kama ishara ya kuthibitisha neno la malaika, na Maria akaisikia kama habari ya mtu mwenye haja. Wachungaji pia, katika Luka 2:16, wanakwenda kwa haraka. Ni haraka ya aliyepokea habari, tofauti na ya anayekimbizwa. Nairobi nzima ina haraka. Haraka yangu ya leo asubuhi ni ya aina gani? Hapo kutafuna kumekwisha, na sentensi inayofuata lazima imwendee Mungu: "Bwana, ni nani nimejua ana haja nami nikasema nitampigia kesho?" Kisha nyamaza.

Angalia pale sentensi ilipogeuka, kutoka kumzungumzia Mungu hadi kuzungumza naye. Hapo ndipo Lectio huishi au kufa, na ndipo wasomi hukwama. Anasoma tanbihi, anafuata marejeo matatu, anaridhika. Ugonjwa wa katekista na mwenyekiti wa jumuiya ni wa namna nyingine: kila neno zuri analiwekea akiba ya kuwaambia wengine Alhamisi. Dawa ni moja kwa wote wawili: saa ikifika dakika ya 13, acha kufikiri hata kama wazo ni tamu, na sema "Wewe".

Kosa jingine ni kufungua Biblia kwa kubahatisha na kuchukua aya iliyoangukia kidole kama ujumbe wa siku. Tumia Injili ya siku, au fuata kitabu kimoja mfululizo. Na tazama Biblia yenyewe. Nyingi zinazouzwa barabarani katikati ya jiji zina vitabu 66. Ya Kikatoliki ina 73. Fungua yaliyomo utafute Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wa kwanza na wa pili. Esta na Danieli nazo hupungukiwa sehemu: ule wimbo wa vijana watatu tanuruni, unaosaliwa kwenye Masifu ya asubuhi ya Dominika ya juma la kwanza, hutaukuta katika Danieli ya vitabu 66.

Usiichanganye na zile Hatua Saba za kusoma Injili pamoja katika jumuiya, zilizotoka Lumko, Afrika Kusini. Ni ndugu wa karibu, lakini mle ndani kuna kushirikishana na kupanga kazi ya pamoja. Anayeziona Hatua Saba kuwa ndiyo Lectio yake ya wiki hupata urafiki mwingi na kimya kidogo mno.

Tafakari kwa njia ya Inyasi

Mazoezi ya Kiroho ya Inyasi yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Ndani yake mna njia nyingi. Inayotuhusu ni ile ya kuingia ndani ya tukio la Injili. Unaanza na sala fupi ya kumtolea Mungu muda huu. Unaliona mahali. Unaomba neema moja mahususi. Unawatazama watu, unasikia wanachosema, unaangalia wanachofanya. Unamalizia kwa mazungumzo na Bwana, au na Mama yake, kama rafiki kwa rafiki, na Baba Yetu. Baadaye, ukiwa umebadilisha mahali, unapitia: wapi nilichangamka, wapi nilikauka?

Barabara kutoka Nazareti hadi milima ya Yuda, mahali ambapo mapokeo yanapataja kuwa Ein Karem, ni zaidi ya kilomita 100. Kwa miguu ni siku kadhaa. Inyasi, anapotafakari kuzaliwa kwa Bwana, anajiweka mle ndani kama mtumishi mdogo asiyestahili, anayewatazama na kuwahudumia. Fanya hivyo hapa. Umebeba furushi. Visigino vya binti huyu vina vumbi. Luka anasema Elizabeti alipaza sauti kwa nguvu, kwa hiyo usimnong'oneshe. Mtoto ameruka tumboni, mkono wa mama mzee umeshika ubavu. Wewe umesimama na furushi lako mlangoni. Nani anakuambia uingie?

Kwa mwenye picha nyingi kichwani, hii ni moto. Hatari yake ni kwamba hugeuka sinema: robo saa unapaka rangi mlango wa Zakaria na hujamsemesha mtu. Kwa asiyeona picha, ni mateso ya bure. Mtakatifu Teresa wa Avila, mwalimu mkuu wa sala, aliandika kwamba uwezo wake wa kujichorea mambo ulikuwa hafifu mno, na kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu, isipokuwa baada ya Komunyo. Ikiwa naye aliishi hivyo, hakuna haja ya kujilazimisha. Sikiliza sauti badala ya kuona, au rudi kwenye Lectio.

Hatari ya pili ni nzito. Katika mazungumzo ni rahisi kuweka maneno yako kinywani mwa Yesu, kisha ukayatii. Likija lolote linalopingana na amri za Mungu au mafundisho ya Kanisa, halikutoka kwake. Lolote linalohusu uamuzi mkubwa, kama wito, ndoa au kuacha kazi, mpelekee kwanza kiongozi wa kiroho. Kati ya sala hizi nne, hii ndiyo tusiyomshauri mtu aifuate miezi mingi peke yake. Mjesuiti wa kituo cha kiroho cha Mwangaza, Karen, amezoea maswali haya, na wapo mapadre wa parokia wanaoyaweza.

Ina pia gharama ya mahali. Dakika 30 za kimya kwenye ploti yenye kuta za mabati si ahadi ya kutoa ovyo. Kikanisa chenye Sakramenti Takatifu mchana, kabla watu hawajaja, ndicho kinachowezekana kwa wengi. Lakini sehemu moja ya urithi wa Inyasi inaingia popote, hata matatu ya kurudi Rongai: utafiti wa siku, dakika 10. Shukuru kwa jambo moja lenye jina. Omba mwanga. Pitia siku saa kwa saa. Omba msamaha. Panga kesho.

Uweke kipi mbele?

Wengi huuliza ipi "ina nguvu". Tomaso tena, swali lile lile: hatusali ili tubadilishe mpango wa Mungu, tunasali ili tupate yale aliyopanga kuyatoa kwa njia ya sala. Kwa hiyo hakuna namba ya siri, na ule ujumbe wa WhatsApp unaokuahidi muujiza ukiutuma kwa watu tisa, ufute tu.

Rozari au Masifu? Mwenye saa zisizobadilika, anayeamka saa kumi na moja kila siku na ana kiti, achukue Masifu. Mwaka wa Kanisa utambeba. Mwenye zamu zinazobadilika, kama muuguzi, mlinzi au dereva, ashike Rozari, kwa sababu Masifu yamefungwa na saa. Masifu ya asubuhi yakisaliwa saa tano yamekuwa kazi ya kumaliza deni.

Lectio au Inyasi? Tazama aina ya andiko. Waraka kwa Warumi hauna barabara wala mlango wa kuingilia. Huo ni wa Lectio, na Zaburi na manabii vilevile. Inyasi anataka tukio. Halafu tazama kazi yako. Mwanafunzi wa falsafa au teolojia, anayesoma kurasa 60 kwa siku, mara nyingi huharibikiwa na Lectio, maana mkono wake umezoea kupigia mistari. Tungempa Rozari, ijapokuwa ataona ni ya nyanya yake. Fundi au mama mboga ambaye mchana wake wote ni mikono na maneno ya biashara ndiye anayeifaidi Lectio ya Jumapili mchana kuliko alivyodhani.

Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku: Rozari wakati wa kwenda, utafiti wa siku wakati wa kurudi, basi. Lectio aiachie Jumamosi. Wazazi wenye watoto wadogo: kumi moja tu, na mtoto wa miaka mitano ahesabu, dakika tatu zinazorudiwa kila siku zinashinda makumi matano yanayosaliwa mwezi wa Rozari, Oktoba, peke yake. Tomaso ana neno hata hapa: sala iendelee kadiri inavyofaa kuamsha ibada, na ikianza kuchosha isirefushwe.

Mwenye dhamiri yenye wasiwasi, anayerudia Salamu Maria kwa sababu hakuitamka vizuri, aachane na kurudia, na kwa muda aweke pembeni uchunguzi mrefu wa dhamiri. Masifu yanamfaa: maandishi yapo, yanaanza, yanakwisha. Asiye na dakika hata tano ana sala fupi ya Malaika wa Bwana saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, Salamu Maria tatu.

Ukichagua, kaa na moja kama sala kuu kwa wiki sita kabla ya kuongeza nyingine. Mwenye zote nne wiki ya kwanza hubaki na hatia ya zote nne wiki ya tatu.

Ikikauka

Itakauka. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mwalimu mwingine wa sala, anatoa ishara tatu za kujua kwamba ni wakati wa kuacha kutafakari na kukaa kimya tu mbele ya Mungu: huwezi tena kutafakari wala hupati ladha humo, huna hamu ya kuelekeza akili kwenye mambo mengine, na unapenda kubaki peke yako ukimwangalia Mungu kwa upendo. Ziwepo zote tatu kwa pamoja. Ukiwa na ya kwanza tu, huku video fupi za simu bado zina utamu wake, huo ni uvivu au uchovu wa kawaida, na dawa yake ni usingizi na kurudi kwenye ratiba.

Inyasi, kwa upande wake, anakataza kubadili uamuzi wakati wa ukiwa, yaani roho ikiwa kavu na bila faraja. Kwa hiyo usihame kutoka Masifu kwenda Rozari katikati ya wiki kavu. Badala yake anataka ubaki kidogo kupita muda uliopanga. Ulipanga dakika 15 na hakuna kitu: kaa 16.